Mdomo wa Samaki Hauandikwi

Bakuli nililivunja mimi. Naanza hapo kwa sababu hapa kambini Mombasa kuna watu wanaosema lilivunjwa na wenye bunduki, na mavyaa wangu, mama wa mume wangu, huwaacha wageni waseme hivyo. Wageni wakishaondoka ananitazama. Wenye bunduki walivunja mengi, na siku nikiulizwa mbele ya Mungu nitayataja moja moja. Hili silo. Hili nililivunja kwa patasi ya mume wangu, mchana kweupe, kwenye ukuta wa kaburi, nikiwa na mimba ya miezi tisa. Wote walioningoja ufukweni siku ile wako hai. Sijamwomba mtu msamaha.

Lilikuwa bakuli la kale, si kubwa, lingejaa viganja viwili vikikutanishwa. Rangi yake siwezi kuiita kijani wala buluu. Ni rangi ya maji ya kiunoni pale kisiwani kwetu Chula, kusini mwa Kismayo, jua likiwa utosini. Ukiligeuza ungeona kitako hakikupakwa kitu, ni udongo mtupu uliochomwa, wa rangi ya biskuti. Lakini kwingine kote, ndani na nje, palikuwa na ngozi ya kioo, laini, yenye nyufa ndogo ndogo kama nyuzi za buibui. Ndani, chini kabisa, chini ya hicho kioo, mtu fulani alikuwa amechora samaki kwa rangi nyeusi. Samaki mmoja. Mdomoni alishika ua, na bua la ua lilipinda kufuata mviringo wa bakuli mpaka likafika mkiani.

Limetoka wapi, hakuna aliyejua. Wengine walisema Uajemi, wengine Uchina. Mavyaa alisema limetoka kwa mama yake, na kwake maswali yaliishia hapo.

Kazi yake ilikuwa moja tu. Mwanamke wa nyumba ya mavyaa akishikwa na uchungu, aya ziliandikwa ndani ya bakuli kwa wino wa zafarani, zikaoshwa kwa maji ya mawaridi, naye akayanywa yale maji. Ni kombe, pwani nzima wanalijua. Lakini si chombo chochote kinafaa. Ukiandika kwenye udongo mtupu, udongo unakunywa wino kabla mwenye shida hajaunywa. Kioo hakinywi, kinakupa chote ulichokiweka. Na nyumba ile ilikuwa na sharti ambalo sijalisikia kwingine: unaandika kuzunguka samaki, unaandika juu ya magamba, juu ya mkia, hata juu ya ua nafasi ikikosekana, lakini mdomo wa samaki hauandikwi. Mavyaa aliniambia hivyo mwezi wa kwanza wa ndoa yangu, akilifuta bakuli kwa upindo wa kanga yake.

"Kwa nini mdomo?" nikamuuliza.

"Ukiuziba, mtoto atapita wapi?"

Nilicheka. Nilikuwa nimemaliza sekondari Kismayo, na msichana aliyemaliza sekondari siku zile alicheka mambo mengi.

Lakini nilicheka nusu tu, kwa sababu samaki yule nilikuwa namjua kabla sijaolewa. Shuleni tulikuwa na mwalimu wa kike kutoka Misri. Alifundisha Kiarabu, na siku akichoka kufundisha Kiarabu alitutolea kitabu chake cha picha. Siku moja akatuonyesha vyombo vya zama za Mafirauni. Bakuli, vikombe, vichupa vya manukato, vyote vya buluu kali. Alitueleza kwamba havikuwa vya udongo kama tunaoujua. Walisaga mawe meupe na mchanga, wakachanganya na chumvi ya magadi na shaba kidogo, wakafinyanga. Chombo kikikauka, ile chumvi inapanda juu ya ngozi yake kama jasho, na kikiingia motoni jasho linageuka kioo cha buluu. Nililipenda jambo hilo, chombo kujivalisha chenyewe. Buluu ile, akasema, kwao ilikuwa maji ya mto na uhai. Wala hawakuchora pambo kwa kupendezesha tu.

Kisha akafunua picha ya bakuli lenye samaki mwenye ua mdomoni.

"Huyu mnamwonaje?" akauliza.

Alitueleza kwamba samaki huyo wa Mto Nili huweka mayai yake mdomoni, na vitoto vikishaanguliwa vinaingia na kutoka humo humo kila hatari ikitokea. Watu wa zamani walimwona akivitema vikiwa hai, wakasema huyu ndiye kuzaliwa na kuzaliwa tena. Na ua lile hujifunga jioni, likafunguka asubuhi, maana yake ni ile ile. Ndiyo sababu wakawawekea wafu wao bakuli kama hizo makaburini.

Mimi nikanyoosha mkono nikasema kwetu visiwani nimeona bakuli kama hilo. Nilikuwa nimeliona utotoni, kwenye uzazi wa jirani. Darasa zima likaanguka kicheko. Msichana mmoja wa mjini, baba yake mwenye ngamia, akasema, "Ninyi hata bakuli zenu zinanuka samaki." Mwalimu hakucheka. Alinipa karatasi akaniambia nichore, nikachora. Aliitazama muda, akasema halikutoka Misri ya Mafirauni, ni la baadaye sana, la Waislamu au la Uchina, ila aliyelichora alikuwa na mwalimu, na mwalimu wake alikuwa na mwalimu. "Samaki anajua kazi yake," akasema. Mwaka uliofuata walimu wa Misri walirudi kwao. Walijua kabla yetu kwamba vita vinakuja.

Nilipoolewa Chula nikamsimulia mume wangu habari ya samaki wa Nili. Yeye ni fundi wa mashua, lakini amezamia tangu mtoto.

"Wako hata hapa," akasema. "Wadogo, wekundu, chini ya mawe. Ila hapa dume ndilo linalobeba mayai mdomoni. Halili kitu mpaka yaanguliwe."

"Dume?"

"Dume."

"Basi uanze kujifunza," nikamwambia.

Serikali ilipoanguka, wenye bunduki walifika Chula mara ya kwanza wakachukua injini za boti, nyavu, cherehani na dhahabu ya masikioni. Masikio mengine waliyapasua. Mengine waliyofanya sitayaandika hapa, si kwa haya, bali kwa sababu waliofanyiwa wako hai na ni wao wa kuyasema. Nataka ijulikane tu kwamba hatukuwa na bunduki hata moja kisiwani. Hakuna ukoo uliotupigania wala upande tuliousimamia. Tulikuwa watu wa kuporwa, kila upande ulipokuwa na njaa.

Walipoondoka mavyaa alitoweka na ndoo ya chokaa. Alirudi mikono mieupe mpaka viwikoni, na bakuli halikuwemo tena kabatini.

Pale Chula kuna makaburi ya kale, yana kuta za mawe na chokaa, na wazee wa zamani walipachika bakuli kwenye kuta zile, uso wake nje, kitako kikizama ukutani. Nyingine zilishadondoka miaka mingi, zikaacha matundu ya mviringo. Mavyaa alichagua tundu moja kwenye kaburi la bibi yake, akaliweka bakuli lake humo, akalizungushia chokaa. Nani atatafuta bakuli katikati ya mabakuli? Nampa haki yake, ilikuwa akili. Nyumba zetu zilipekuliwa mara ya pili mpaka unga ukamwagwa, na makaburi hayakuguswa.

Mara ya tatu waligusa. Sijui nani aliwaambia huko mjini kwamba vyombo vya makaburini vina wanunuzi. Walikuja na nyundo, wakabandua bakuli kwenye makaburi ya upande wa msikiti, wakavunja kumi ili kupata mbili. Wakaondoka na ahadi kwamba watarudi Ijumaa kumalizia, na kwamba wakirudi hawatataka bakuli tu. Mmoja alilisema hilo akinitazama tumbo.

Hapo mume wangu akaamua. Mashua aliyokuwa akiijenga haikuwa imepakwa mafuta, lakini ilielea. Tungetoka Alhamisi mchana, maji yakijaa, tuteremke kusini mpaka Ras Kamboni, na kutoka hapo tuvuke mpaka wa Kenya kuingia Kiunga. Tulikuwa watu kumi na tano. Kila mmoja alijua nafasi yake ndani.

Mavyaa akasema yeye hatoki.

Hakulia wala hakupiga kelele. Alikaa chini penye lile kaburi, mgongo ukutani, kana kwamba anaota jua. Mume wangu alimsihi tangu alfajiri.

"Mama, maji yanajaa."

"Na yajae. Ndiyo kazi yake."

"Wanarudi kesho, mama."

"Mkeo atazaa keshokutwa. Atanywea nini, kata ya nazi?"

Mume wangu hawezi kumwacha mama yake. Wanaume wetu wengi hawawezi, sikuolewa bila kulijua hilo. Na mimi sikuweza kuondoka bila yeye, na mashua haikuweza kuondoka bila fundi wake, maana ilikuwa ikivuja mahali anapopajua yeye tu. Watu kumi na tano, na wa kumi na sita tumboni mwangu hata hajahesabiwa, wote wamefungwa na bakuli moja lililogandishwa ukutani. Nikatembea mpaka makaburini nikiwa nimeshika kiuno.

"Utatoka bakuli likitoka?" nikamuuliza.

"Nitatoka."

"Zima au vipande?"

"Zima. Mchu gani huuliza vipande?" Akiudhika Kibajuni chake cha Chula kilikuwa kizito zaidi, mtu akawa mchu.

"Basi tulitoe."

"Litoe wewe uliyesoma. Mimi tangu jana nalichokoa."

Nikatazama. Kisu chake kilikuwa kimevunjika ncha. Chokaa kile kilikuwa kigumu kuliko jiwe lenyewe. Nikamuuliza alichanganya nini humo, na mwanamke huyu, katika siku ile, na wenye bunduki wakiwa mwendo wa nusu siku, akanyoosha shingo kwa fahari. "Nilikichoma mwenyewe kwa matumbawe mazuri, nikakilaza mwaka mzima ndani ya shimo. Si chokaa cha siku hizi, cha kuoka leo na kupaka kesho."

Alijenga kwa heshima, ndilo lilikuwa kosa lake. Mtu mwingine angelibandika kwa tope tu. Lakini kwetu ukigusa ukuta wa kaburi la bibi yako, hulipui kazi.

Nikarudi nyumbani mbio, mbio za mja mzito, nikachukua chupa ya siki na ndimu zote zilizobaki. Darasani tulifundishwa kwamba chokaa hakiipendi asidi. Nikaimimina siki kuzunguka ukingo wa bakuli, ikatoa povu, ikachemka kama kitu hai.

"Unapika achari kwenye kaburi la bibi yangu?" mavyaa akauliza.

"Napika. Kama una pilipili lete."

Povu lilikula chokaa, lakini lilikula taratibu, kama mtu mwenye muda. Nilikwangua kwa gamba la chaza, nikamimina tena, nikakwangua. Ukingo ukaanza kuonekana wote, ile buluu-kijani, safi kuliko ilivyokuwa kabatini. Chupa ikaisha. Ndimu zikaisha. Kitako bado kilikuwa kimeshikwa ndani kabisa, sikuweza kukisogeza hata unywele. Mume wangu akaja tena na sanduku lake la zana begani, kwa sababu lilikuwa kitu cha mwisho kupakiwa, akasema maji yameshaanza kugeuka. Uso wake sikuupenda. Ulikuwa uso wa mtu anayetaka kubaki.

Hapo hasira zikanipanda, na nataka nizitaje vizuri. Niliwakasirikia wenye bunduki kwanza. Nikamkasirikia mavyaa kwa chokaa chake kizuri, na mume wangu kwa kusimama. Nikamkasirikia na yule samaki, ametulia na ua lake mdomoni, mimi nimepiga magoti mbele yake kama mwombaji. Wewe kazi yako ni kutoa watoto hai. Toa basi.

Nikafungua sanduku, nikatoa patasi na nyundo ya mbao.

"Usithubutu," mavyaa akasema.

"Mama, sogea."

"Ukilivunja sitokusamehe."

"Usinisamehe ukiwa Kiunga."

Nikaweka patasi pembeni ya ukingo, nikapiga. Mara mbili hapakuwa na kitu. Mara ya tatu nikasikia mlio mdogo, kama kucha kwenye glasi, na ukingo wote ukapasuka kuzunguka. Mbavu za bakuli zilibaki ukutani, zimeng'ang'ania chokaa cha mavyaa, duara la kijani lenye meno. Sasa nilikuwa na nafasi ya kupitisha patasi nyuma. Nikaizamisha chini ya kitako, nikalalia mpini kwa uzito wangu wote, na wakati ule mimi nilikuwa na uzito. Kitako kikatoka. Kiliniangukia mapajani. Kipana kama sahani ya kikombe, kingo zake zimekatika vibaya, na katikati samaki mzima, mdomo, jicho, magamba, mkia, na ua lake. Bua ndilo lililokatika.

Mavyaa alikichukua kutoka mapajani mwangu bila kunitazama. Akakifunga ndani ya kanga yake, akasimama, akaanza kuteremka kuelekea ufukweni. Mume wangu akanitazama, nami nikamwambia abebe sanduku lake.

Safarini mavyaa alikaa amenipa mgongo. Tulifika Ras Kamboni kuteka maji, uchungu ukanishika hapo hapo, nikashika ukingo wa mashua nikanyamaza kwa sababu sikutaka awe wa kwanza kujua. Alijua. Bila kugeuka akamwambia mwanawe, "Asishuke. Twende Kiunga, huyu hana muda."

Kiunga tulipokelewa na mwanamke tusiyemjua, mjane mwenye chumba kimoja na ukumbi, aliyemtoa mbuzi wake ili nipate pa kulala. Mungu amlipe. Ilikuwa adhuhuri ya siku ya pili. Mavyaa akaomba zafarani kwa majirani, akaipata kidogo ya kuombaomba, akakaa mlangoni penye mwanga, akafungua kanga. Nilimwona kutoka mkekani. Aligeuza kile kitako huku na huku kama mtu aliyepewa karatasi ndogo ya barua ndefu. Bakuli zima lilikuwa likibeba mistari saba. Hapa palitosha mitatu, herufi zikibanana. Alianza mkiani, akapita tumboni, akazunguka jicho. Alipofika mdomoni mkono ukasimama.

Nafasi ilikuwa imebaki pale tu, na neno la mwisho lilikuwa bado.

Akasubiri wino ukauke, akalipandisha lile neno juu ya ua, kwa herufi ndogo kama mbegu. Mdomo akauacha wazi. Akamimina maji ya mawaridi, yakasimama kidogo tu ndani ya kile kibonde, mengine yakataka kumwagika upande uliokatika. Alikiinamisha kwa kidole, akanishika kisogo.

"Kinashika funda tatu," akasema. "Hizo ndizo ulizonibakishia."

"Tatu zinatosha, mama."

"Kunywa. Tutajua."

Nikanywa funda tatu. Zilikuwa na ladha ya mawaridi, na chokaa kidogo. Kabla ya alasiri binti yangu akazaliwa, akapiga kelele za kuudhi chumba kizima. Mavyaa alimpokea, akamsafisha, akampa baba yake, aliyeitwa mlangoni, amwadhinie sikioni. Kisha akaniambia, "Katoto kana mdomo kama wako." Ndilo neno la kwanza zuri aliloniambia tangu makaburini, kama lilikuwa zuri.

Wako wanaoniuliza kama naamini. Waulizaji ni wale wa kuja na kalamu na madaftari, wameketi kwenye viti tulivyowatolea. Najibu kwamba nilifundishwa shuleni kwamba kioo kile ni mchanga na magadi, na ni kweli. Na nimekunywa kutoka kwake, na hilo pia ni kweli. Mmoja alikuja na kitambulisho shingoni, akasema kipande kile ni cha kuhifadhiwa mahali salama, watu wakione. Nikamwuliza mahali salama alikuwa wapi tulipokuwa Chula. Mavyaa akacheka mpaka akakohoa, na siku ile akanipikia chai.

Lakini hajanisamehe. Aliahidi, na ni mwanamke wa ahadi zake. Mwanamke akishikwa na uchungu hapa kambini hutumwa mtu kwetu, na mavyaa akikifunua kile kitako humwambia mwenye shida, "Lilikuwa bakuli zima, huyu akalivunja." Mimi husema, "Nililivunja, na ningelivunja tena." Wanawake wameshazoea, wengine wanatungojea tuseme, kana kwamba ni sehemu ya dawa.

Wiki iliyopita jirani yetu wa hema la pili aliletwa akiwa ameshikwa kwapani. Mavyaa akachovya kalamu kwenye zafarani, na mkono ukamtetemeka. Ulianza kutetemeka tangu masika. Alijaribu mara mbili, mara ya pili akadondosha tone juu ya jicho la samaki. Akalipangusa kwa kidole, akaisukuma kalamu upande wangu.

"Andika wewe uliyesoma."

"Mama, unayejua ni wewe."

"Nami nakutazama. Andika."

Nikakaa mahali pake mlangoni. Binti yangu akaja kusimama nyuma yangu, anataka kuona, pumzi zake shingoni mwangu. Nilianza mkiani, kama nilivyomwona akifanya Kiunga. Nikapita tumboni, nikazunguka jicho, nikagundua nimeandika kwa herufi pana mno na nafasi inaniishia. Nilijua mavyaa anangoja kuona nitafanya nini mdomoni.

Nikalipandisha neno la mwisho juu ya ua.

"Una khati mbaya," akasema, akaniletea maji ya mawaridi.